Nyama Iliyowahiwa

Shangazi Kabula,

"Dalili kwanza, salamu baadaye." Ndivyo ulivyokuwa ukinikatiza kwenye simu kila nilipoanza kukuuliza habari za huko, habari za baridi, habari za kazi. Mama akisikiliza pembeni alikuwa akiguna, kwa sababu kwetu mtu asiyesalimia kwa kirefu hakulelewa. Basi nakupa dalili. Situlii. Nikikaa nataka kusimama, nikisimama naona ningekaa. Leo asubuhi hapa maabara nimeitazama slaidi kwenye hadubini, nikaitoa, nikairudisha, na bado sikuandika majibu yake. Mwenzangu ameniuliza kama nimeanza mapenzi. Nimemwambia ndiyo, ili aniache.

Chanzo nakijua. Jumamosi nilisimama mbele ya wazee wa ukoo wetu kule Migato, kamba ya ng'ombe mkononi, nikasema nimekosa. Nilisema kwa sauti na watu walinisikia. Na kosa lenyewe, Shangazi, lilikuwa ni kuwazuia watu wasile kimeta kwenye msiba wako.

Sasa Baba Mdogo Masunga, mdogo wako, amelala wodi ya wanaume, ng'ambo ya ua wa hospitali, na mkono wake umevimba hata kidole hakikunjiki. Sijui kama nimemwokoa yeye kwa kukuuza wewe. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kwenda kula. Nani mwingine nimweleze haya?

Nianzie mazishi, maana hukuyaona kwa upande wetu. Ulizikwa hukohuko Uswidi, karibu na mumeo, kama ulivyoagiza. Sisi tulikuzika kwa simu. Jilala, mtoto wa Baba Mdogo, ndiye mwenye simu kubwa, na mtandao wa nyumbani unaujua: unashika juu ya lile jabali nyuma ya zizi, kwingine ni bahati. Basi ukoo mzima ukapanda jabali. Wazee na fimbo zao, mama na khanga yake ya msiba, katekista na Biblia, wote tukabanana mbele ya kioo kimoja. Jeneza lilipoanza kushushwa, picha ikaganda. Ukabaki hapo katikati, chini hujafika na juu hupo, mpaka bando likaisha. Mama alishuka jabalini akilia kwamba hakukuona ukifika. Baba Mdogo hakulia. Alisema tu, "Dada yangu hawezi kuzikwa kama taarifa ya habari," na hapohapo akakata shauri kwamba matanga yatamalizwa kwa shughuli kubwa, na kwaya, na wali, na ng'ombe.

Ng'ombe mwenyewe ulimnunua wewe likizo yako ya mwisho, yule maksai mwekundu wa kulimia. Jilala alimwita Profesa. Alidai ni kwa heshima yako. Alikuwa akimswaga shambani akimfokea, "Profesa, acha kufikiri, tembea!" Nakumbuka uliposimuliwa ulicheka mpaka ukakohoa.

Siku ya shughuli nilitoka Bariadi mapema kwa pikipiki, nimepakata kabichi na begi la vijiti vyako. Katekista alikuwa ameniomba nieleze kazi yako kwa lugha ya watu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka kuanza na habari ya bomba la joto.

Unaikumbuka? Wenzako huko walimjua mdudu wa kimeta akiwa kwenye kioo, nyuma ya milango miwili, wao wenyewe wamejifunika mpaka macho. Wewe ulimjua kutoka zizini kabla hujajua kusoma. Mlipokuwa mnatengeneza kile kipimo cha kijiti, kinachosoma tone la damu ya sikio bila ng'ombe kupasuliwa, wao walitaka kifanye kazi vizuri pale mezani. Wewe ulikuwa ukivichukua vijiti, unavipanga juu ya bomba la joto linalopasha ofisi, unaviacha huko mpaka vinashika vumbi, ndipo unavijaribu. Walikuuliza unafanya nini. Ukawaambia hiyo ndiyo Septemba ya Bariadi, na kipimo kisichoiweza Septemba ya Bariadi waweke wao kabatini. Mwenzako mmoja aliniandikia baada ya mazishi. Anasema mpaka leo pale juu ya bomba wanapaita Bariadi. Mtu akija na kipimo kipya wanamwambia, kiweke kwanza Bariadi. Nilisoma ujumbe ule nikiwa sokoni, nikalia mbele ya muuza nyanya, naye akaniongezea nyanya.

Haya ndiyo niliyotaka kuwaambia watu. Sikupata nafasi.

Nilipofika nyumbani mabeseni yalikuwa yamejaa. Nyama nyingine ilitandazwa juu ya matawi mabichi karibu na zizi. Baba Mdogo alikuja kunilaki, mikono myekundu mpaka viwikoni, uso umechangamka kwa mara ya kwanza tangu ufe.

"Mwangaluka, mayu! Profesa alitaka kututoroka alfajiri. Kaanguka tu, puu! Lakini imewahiwa."

Neno hilo unalijua kuliko mimi. Ng'ombe akifa mwenyewe ni kibudu, na kibudu hakiandaliwi mbele ya wageni. Ila akianguka na mtu akakimbia na kisu, akakipitisha shingoni hata kama pumzi ilishakwenda, hapo si kibudu tena. Nyama imewahiwa. Hakuna anayeuliza kipi kilitangulia, kisu au kifo. Ni neno la kusitiriana. Linamsitiri mwenye ng'ombe, linamsitiri mpishi, na mlaji anakula bila aibu.

Neno hilo ndilo lililomuua kaka yako Sayi. Ulinisimulia mwenyewe, tukiwa tunanawa mikono kisimani, na wewe kunawa kwako kulikuwa kama adhabu kwa sabuni. Ulikuwa binti mdogo. Ng'ombe aliwahiwa, Sayi akasaidia kuchuna, akala pamoja na wengine, na haikupita wiki mkamzika. Bwana mifugo wa wakati huo alipita akasema ni kimeta, akaondoka zake. Ukamfuata mpaka barabarani ukimwuliza, "Umeiona wewe?" Akakujibu haionekani kwa macho. Ulisema hasira yako ilianzia hapo, kwamba kitu kinaweza kumla kaka yako na kisionekane. Hasira hiyo ikakupeleka sekondari, ikakupeleka Morogoro kusomea mifugo, ikakutupa kwenye theluji, mahali ambapo hakuna mwanamke wa kwetu aliyewahi kufika kwa kazi kama ile. Watu wanasema ulikwenda kwa akili. Mimi niliyekuwa nikisikia sauti yako kwenye simu najua ulikwenda kwa hasira.

Na likizo yako ya mwisho ulinieleza jambo ambalo nilikuwa silielewi sawasawa, pamoja na cheti changu cha maabara kilichoning'inia ukutani. Tulikuwa tumesimama shambani, watu wanapanda pamba. Ukachukua mbegu kwenye ndoo. Ukaniambia ng'ombe wa kimeta akiachwa na ngozi yake nzima, wadudu wengi wanaozea humohumo ndani. Akipasuliwa wanapata hewa. Wakipata hewa wanajifunga ganda, wanakuwa mbegu, wanaingia ardhini. "Tena hii ya pamba ukiisahau inaoza," ulisema. "Wale wanamsubiri mjukuu wako." Ukairudisha mbegu kwenye ndoo ukafuta mkono kwenye sketi. Kumbe kile kisu tunachokisifu kwamba kimewahi ndicho kinachopanda.

Basi nilisimama mbele ya Baba Mdogo nikiitazama mikono yake. Nikaitazama damu pale zizini. Ilikuwa nyeusi na bado majimaji, haijaganda, na jua lilishapanda. Damu ya kimeta haigandi. Nilivaa glavu, nikatoa kijiti chako, nikachukua tone kwenye sikio la kile kichwa walichokiweka kando. Watu wakanizunguka kutazama. Mstari wa kwanza ukaja. Wa pili ukaja.

"Mistari miwili!" Jilala akapaza sauti. "Jamani, Profesa ana mimba!"

Shangazi, msiba mzima ulicheka. Kina mama waliokuwa wakipepeta mchele walicheka mpaka ungo ukamwagika, maana vijiti vya namna ile wanavijua kutoka kliniki. Katekista alijificha nyuma ya Biblia mabega yakitikisika. Baba Mdogo akasema maksai huyu alihasiwa yeye akiwa amemshika miguu, kwa hiyo kama ana mimba tumwite askofu aje aone. Hata mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Kazi yako ya miaka yote ile nyuma ya milango miwili, na nyumbani kwenu ikaonekana kipimo cha mimba. Hilo hukulijaribu juu ya bomba lako.

Kicheko kilipoisha nikawaambia hapana, hii ni kimeta, hakuna anayekula. Nikampigia bwana mifugo wa Lagangabilili. Kumbe yuko semina Dodoma. Akasema watu wasiguse kitu, atamtuma mwenzake kesho. Kesho! Na maini yalishawekwa kwenye makaa, wachunaji wanasubiri chumvi. Nikamvuta Baba Mdogo pembeni, nikamweleza kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kisukuma, nikamtajia Sayi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akanijibu kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma.

"Minza, nyama ya msiba haipimwi, mayu. Dada yangu tumemzika kwa simu. Leo unataka watu warudi makwao wakaseme, na matanga yake walitulisha mchicha?"

Nilikwenda jikoni kwa mama, nikachukua dumu la mafuta ya taa. Mama aliniona. Alisogeza kigoda chake ili nipite.

Nilimwaga kwenye mabeseni yote. Nilimwaga kwenye nyama iliyokuwa juu ya matawi. Nilimwaga na kwenye maini, kwa ujinga wangu, moto ukaruka na nusura nipoteze nyusi. Hakuna aliyenipiga. Bora wangenipiga. Walisimama tu wakinitazama, na kwaya, ambayo ilikuwa imeanza kujipanga, ikakunja majoho yake ikaondoka bila kuimba.

Wazee walikaa palepale. Kumwaga mafuta ya taa kwenye chakula cha msiba ni kumtukana marehemu na ukoo wake. Nikatengwa. Unajua kutengwa kwa kwetu kulivyo: huguswi, hutukanwi. Hujibiwi salamu, basi. Unasema mwadila, mtu anageuka kuhesabu ng'ombe wake. Mpaka ulete ng'ombe, useme nimekosa, na uliyemkosea aipokee kamba.

Siku ya pili mwenzake bwana mifugo alifika na daktari na chokaa. Wakachukua sampuli, wakachoma mabaki, wakafukia shimo refu. Majibu yalirudi vilevile kama kijiti chako kilivyosema, na watu wakasema serikali inamtetea mtu wa serikali. Walioshika nyama walipewa vidonge. Kina mama walimeza. Jilala alimeza huku akiuliza kama ni vya uzazi wa mpango. Baba Mdogo alishukuru, wabeja sana, akavitia mfukoni. Hakuvimeza hata kimoja. Kumeza ilikuwa ni kukubali kwamba alitaka kuwaua wageni wa dada yake, na hilo hakuliweza. Namwelewa. Wakati ule sikumwelewa, nilimwona kichwa ngumu tu.

Nilirudi Bariadi. Mama akanitumia michembe ya viazi kwa mwenye pikipiki, kwenye mfuko wa salfeti, bila neno hata moja. Niliitafuna mikavu hivyohivyo nikilia kwa hasira.

Kisha simu ikaita, namba ya Jilala.

"Haloo, samahani, nimekosea namba," akasema. "Kuna mtu nilikuwa namtafuta nimwambie mzee wangu ana kidonda mkononi. Kilianza kama kaumwa na mbu. Sasa katikati cheusi tii, na pembeni panavimba. Lakini si wewe niliyekutafuta. Haya, siku njema."

Akakata. Mtoto wa watu hakutaka kuvunja amri ya wazee.

Ubaya wa kimeta cha ngozi ni kwamba hakiumi. Baba Mdogo alikuwa akiwaambia watu kwamba kisichouma si ugonjwa. Daktari alimfuata mpaka nyumbani, akaambiwa mzee amekwenda Kasoli kuuza pamba. Mzee alikuwa nyuma ya ghala akisikiliza. Muuguzi wetu hapa akasema mficha maradhi kifo humuumbua, kana kwamba methali inaweza kupanda pikipiki ikamfuata mtu Migato. Nikamjibu vibaya. Nimeshamwomba radhi. Siku hizi mimi ni mtu wa kuomba radhi.

Hapo ndipo nilipogombana na wewe, Shangazi. Nilizunguka chumbani kwangu nikikujibu kwa sauti, mpaka mpangaji wa jirani akagonga ukuta. Ulikuwa ukisema mtu haombi radhi kwa alichokiona. Nikisema nimekosa, watasema mtoto wa kaka yake Kabula mwenyewe amekiri kwamba nyama ilikuwa nzima, na ng'ombe wa kesho atachanwa kwa haraka zaidi kuliko wa jana. Yote uliyoyafanya, kuanzia ile siku uliyomfuata bwana mifugo barabarani, nitakuwa nimeyafuta kwa mdomo wangu. Nisiposema, kidonda kinapanda. Baba alipofariki, Baba Mdogo ndiye aliyenisomesha kwa pamba yake. Alinibeba mabegani kuvuka mto mafuriko yalipokuja. Nampenda, Shangazi. Sikuwahi kumwambia, maana kwetu nani anamwambia baba yake mdogo maneno hayo?

Halafu nikakumbuka ile kamba. Lazima aipokee yeye, kwa mkono wake, mbele ya watu.

Nikaenda mnadani nikanunua ng'ombe. Nikafunika kombe mwanaharamu apite.

Jumamosi ile jua lilikuwa kali, na Baba Mdogo alikuwa amevaa koti. Peke yake uwanja mzima. Nilipiga magoti nikasema, "Nimekosa kumwaga mafuta kwenye chakula cha msiba." Niliyachagua maneno. Mafuta, sio nyama. Sikusema nyama ilikuwa nzima na nisingesema hata wangenichapa. Lakini kwenye kundi nani anasikiliza usichosema? Nilimsikia mtu nyuma yangu akimwambia mwenzake, "Kumbe ilikuwa nzima." Nilitaka kusimama nimgeukie. Nikabaki magotini.

Baba Mdogo akanyoosha mkono kupokea kamba. Wa kushoto.

Mzee aliyekuwa akisimamia akakohoa. "Masunga, kamba haipokelewi kwa kushoto. Unatutania?"

Baba Mdogo alinitazama, na nadhani hapo alielewa nilichokuwa nimekifuata. Akautoa mkono wa kulia polepole, mkono wa koti ukapanda, na wote waliona. Kifundo kilikuwa hakionekani kwa uvimbe. Mama alisema "Iyoo!" akaziba mdomo. Nikaweka kamba kiganjani mwake, halafu nikamshika juu ya kiwiko, penye ngozi nzima, na sikumwachia.

"Nimepokelewa?" nikauliza.

"Umepokelewa," mzee akasema.

"Basi mimi ni mtoto wa nyumba hii. Nampeleka baba yangu hospitali."

Hakuna aliyepinga. Wangepingaje, na kamba imeshapokelewa? Mama alishakimbilia ndani kumtafutia viatu.

Siku za kwanza wodini zilikuwa mbaya. Homa ilipanda, uvimbe ukafika begani, na mimi nilikuwa nikitoka maabara kila nikipata upenyo kwenda kuchungulia tu kama anapumua. Mchana mmoja alifungua macho, akanitazama sana, akaniuliza, "Minza, nimewahiwa?"

Sikujua kama anatania. Nikamwambia sijui, Baba, dawa zinaendelea. Akageukia ukutani. Akasema, "Sayi naye alianza na mkono. Nilikuwa mdogo, nikakatazwa kuingia, nikachungulia dirishani." Ndipo akalia. Alikulilia wewe, Shangazi, alimlilia na Sayi, kwa sauti, bila kujali wagonjwa wengine. Nilimshika ule mkono mzima.

Leo daktari amesema uvimbe umeanza kushuka. Homa hakuna. Anakula uji na anaulalamikia, anasema ni maji yaliyoonyeshwa unga. Kwa upande wake naanza kupumua. Kwa upande wako bado. Yule mtu aliyesema "kumbe ilikuwa nzima" bado namsikia. Ni mmoja tu, lakini ana mdomo, na Migato ina masikio. Kama watu wamelichukua neno lile wakaenda nalo nyumbani, basi Sayi alikufa, wewe ukasoma, ukafia ugenini, na tumerudi palepale penye kisu. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Si kutengwa, kule kumeisha, sasa hivi wananisalimia hadi nachoka.

Naomba unisamehe kama nimekuumiza. Na kama usingenisamehe, nakuambia kwa heshima zote kwamba ningefanya tena.

Nakuahidi hili. Pale zizini alipochanwa Profesa, nitazungushia ua wa minyaa mvua zikianza, na muda wote nitakaokuwa hai hakuna ndama atakayechungwa pale. Nitawafundisha kina mama kusoma kijiti chako, wao kwanza, maana mistari wanaijua. Sitasubiri katekista anialike. Na nikija kuzaa binti, jina lake unalijua.

Nilikuwa namalizia hapa, Shangazi, simu imeita. Jilala. Safari hii hakukosea namba.

"Dada, ng'ombe wa jirani yetu wa ng'ambo ya mto kaanguka. Kafa. Damu inamtoka puani."

"Nani amemchana?"

"Hakuna."

"Jilala, niambie ukweli. Nani ana kisu?"

"Hakuna mwenye kisu, dada. Mwenye ng'ombe mwenyewe kakusanya visu vya nyumba nzima, kavitia kwenye ndoo, kaifunika, kaikalia. Watu wako mbali, wanafukuza mbwa kwa mawe. Walioona mkono wa mzee ndio waliowakataza wenzao. Yule jamaa aliyekuwa anasema nyama ilikuwa nzima ndiye anayepiga kelele kuliko wote. Wanauliza unafika saa ngapi."

Nimemwomba arudie. Akarudia.

Hawajamgusa, Shangazi. Ng'ombe mzima na ngozi yake, Migato, mchana kweupe, na hawajamgusa.

Sina la kuongeza, na hata ningekuwa nalo sina muda. Pumzika huko kwenye baridi yako. Kwaheri. Begi liko begani, mwenye pikipiki anapiga honi getini, na Baba Mdogo ameniona kupitia dirisha la wodi, ananipungia kwamba nisisimame kumsalimia, niende.

Minza